Namna ya Kutafuta na Kurekebisha Hitilafu za Njia Hasi kwenye Injini na Alteneta ya Boti ya Matanga

Mwenye boti ya matanga ambaye betri zake hazijai hata injini ikinguruma kwa muda wa saa tatu huanza kwa kuilaumu alteneta (jenereta ya injini inayochaji betri), na yule ambaye stata yake (mota inayozungusha injini ili iwake) hulia mara moja kisha ikanyamaza huanza kwa kuilaumu betri. Mara nyingi vyote viwili ni vizima. Kasoro iko kwenye njia ambayo umeme hurudia, yaani kebo hasi, lagi zake (ncha zenye tundu la kufungia boliti), boliti zilizozishika, na ule uso wa chuma cha injini ambao watu wengi huudhani ni kiungo kizuri kwa sababu tu ni chuma. Mwongozo huu unahusu boti za fibaglasi au mbao zenye injini ndogo ya dizeli na umeme wa volti 12, kama zile zenye Yanmar 3GM30 au Volvo Penta 2003. Shabaha yake ni kumzuia msomaji asinunue kifaa chochote kabla hajapima volti zinazopotea upande wa hasi wakati umeme unapita.

Kwa nini boti haifanani na gari

Kwenye gari, bodi nzima ya chuma ni njia ya hasi, na kebo moja ikichoka huenda umeme ukapata pengine pa kupita bila madhara makubwa. Fundi wa umeme wa magari, ambaye ndiye anayepatikana kwa urahisi Kilifi, Tanga au Unguja, huja na mazoea hayo, na ni vyema kumweleza mapema kwamba boti ya fibaglasi haina bodi ya aina hiyo. Injini imekalia maunti za mpira, bomba la ekzosi ni la mpira, mpira wa dizeli ni mpira kweli, na kwenye boti nyingi kati ya gia na shafti ya propela kuna kapilingi laini isiyopitisha umeme. Hivyo njia halali ya kurudisha umeme kutoka kwenye bloku, yaani mwili wa chuma wa injini, hadi betri ni kebo moja nene, na yote yanayofanywa na stata na alteneta yanaitegemea hiyo.

Kebo hiyo ikishindwa, umeme haukai kusubiri. Hutafuta njia nyingine, na njia zilizopo hazikutengenezwa kwa kazi hiyo: waya mwembamba wa hasi unaokwenda kwenye paneli ya vipimo, au kebo za akselereta na gia, ambazo ndani zina chuma na huishia kwenye kishikio cha chuma karibu na usukani. Stata ya injini ya silinda tatu huvuta takriban ampea 100 hadi 250 inapozungusha injini. Mkondo huo ukipitia kebo ya gia, ala yake ya plastiki huyeyuka. Kebo ya akselereta iliyopata moto baada ya kuwasha injini ni ushahidi unaotosha kusimamisha safari hadi kasoro ipatikane.

Dalili za kuzingatia

Dalili iliyo wazi kuliko zote ni vipimo vya paneli kuyumba pamoja. Ukiwasha taa za urambazaji na mshale wa joto la injini ukapanda papo hapo, injini haijapata joto. Vipimo na taa vinashirikiana njia hasi iliyo dhaifu, na volti zinazopotea hapo zinaongezwa kwenye usomaji. Kipimo cha mizunguko kinachorukaruka, redio ya VHF inayovuma kadiri injini inavyoongeza kasi, na taa ya chaji inayobaki na mwanga hafifu baada ya injini kuwaka, zote zaweza kutoka hapo hapo, ingawa taa ya chaji yaweza pia kuashiria dayodi (kipande kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu) iliyokufa ndani ya alteneta. Kwa upande wa stata, dalili ni injini kuzunguka kwa uzito hata betri ikiwa imejaa, au kuwaka vizuri asubuhi na kukataa mchana, kwa kuwa kiungo kibovu hubadilika kadiri joto linavyokitanua.

Tahadhari kabla ya kuanza

Vua pete, saa na mkufu. Betri zinazochajiwa hutoa haidrojeni, hivyo fungua vifuniko na uache hewa ipite kabla ya kugusa kitu kinachoweza kutoa cheche. Usizime swichi kuu ya betri injini ikiwa inafanya kazi, wala usichomoe kebo ya betri ili kuijaribu alteneta, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi wa barabarani: alteneta iliyonyang'anywa betri ghafla hupandisha volti kwa kiwango kinachoua dayodi zake na wakati mwingine vyombo vya urambazaji.

Kuna tahadhari nyingine ambayo wengi huisahau. Baadhi ya vipimo vinahitaji stata izungushe injini bila kuiwasha, na kila mzunguko pampu ya maji ya bahari husukuma maji kwenye ekzosi. Kwa kuwa injini haijawaka, hakuna moshi wa kuyatoa maji hayo nje. Chungu cha ekzosi hujaa, na maji huweza kurudi hadi ndani ya silinda. Funga vali ya maji ya bahari kabla ya vipimo hivyo, zungusha injini kwa sekunde chache tu kila mara, na uifungue vali kabla ya kuwasha injini kwa kweli. Kipimo kikisimama, funguo ya injini iwekwe juu ya kishikio cha vali hiyo, ili asiwepo wa kuwasha kwa kusahau.

Hatua ya kwanza: kuithibitisha betri

Vipimo vyote vinavyofuata havina maana ikiwa betri ni mbovu. Betri ya asidi iliyojaa na kupumzika saa kadhaa bila chaji wala mzigo husoma takriban volti 12.7, ikisoma 12.2 imebaki na kama nusu. Ipime tena wakati stata inazungusha injini, ncha za multimita (kifaa cha kupimia umeme) zikiwa juu ya vichwa vyenyewe vya betri wala si juu ya vibano vya kebo. Betri nzima kwa kawaida haitashuka chini ya volti 10 au karibu na hapo katika hali ya joto la pwani yetu. Ikishuka hadi 8, shughulikia betri kwanza. Ikibaki juu ya 11 na huku stata inajikokota, tayari umejua kwamba nguvu inapotea njiani.

Hatua ya pili: kupima njia hasi stata ikizunguka

Wengi huweka multimita kwenye alama ya mlio, wakagusa betri na bloku, wakasikia mlio na kuridhika. Kipimo hicho hakifai kwa kazi hii. Multimita ya kawaida haioni chini ya omu 0.1, na mlio hutokea hata kama katika kebo nzima umebaki uzi mmoja wa shaba. Kiungo chenye ukinzani wa omu 0.01 tu kitaonekana kamili kwenye multimita hiyo, lakini ampea 200 zikipita hapo kitakula volti 2, na hizo zatosha kabisa kuifanya stata ishindwe.

Kinachofaa ni kupima volti umeme ukiwa unapita. Weka multimita kwenye volti za DC. Ncha nyeusi iguse kichwa hasi cha betri, na ncha nyekundu iguse chuma kitupu cha bloku, si rangi. Kichwa cha boliti kilichokwanguliwa kinafaa. Vuta kishikio cha kuzimia ili injini isiwake, kisha mwenzako azungushe stata kwa sekunde tatu au nne huku ukisoma. Usomaji wa volti 0.2 au chini yake ni mzuri. Ukifikia 0.5 pana kazi ya kufanya, na ukizidi volti moja umeshapata chanzo cha tatizo lako.

Ili kujua kiasi gani ni haki ya kebo yenyewe, hesabu ni nyepesi. Mita mbili za kebo ya shaba ya milimita za mraba 50 zikipitisha ampea 200 hupoteza volti 0.14, ya 25 hupoteza 0.28. Ukisoma zaidi ya hapo kwa wingi, tofauti imo kwenye viungo, na sasa unavitafuta kimoja kimoja kwa ncha zile zile: kichwa cha betri na kibano chake, kibano na ncha ya pili ya kebo, lagi na bloku. Ikiwa boti ina shanti ya kupimia ampea, baa ya kukusanyia nyaya hasi au swichi upande wa hasi, pima kabla na baada ya kila kimoja. Usiache pia kupima kati ya bloku na ganda la stata, kwa maana stata hupata hasi yake kupitia boliti zinazoifunga kwenye injini, na rangi iliyopulizwa kiwandani au kutu iliyoingia baadaye hukaa hapo hapo.

Rudia kipimo hicho upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi terminali nene ya stata. Swichi kuu ya zamani yaweza kupoteza volti nyingi kuliko kebo zote zikijumlishwa, na si haki kuibebesha njia hasi lawama zisizo zake.

Hatua ya tatu: kupima alteneta ikichaji

Kipimo hiki hufaa zaidi betri zikiwa zimepungua, kwa sababu betri iliyojaa haivuti ampea za kutosha kufichua kiungo kibovu. Fungua vali ya maji, washa injini, iweke kwenye mizunguko ya wastani, kisha washa friji, taa na inveta ili alteneta ifanye kazi. Fundo la nywele, mikono ya shati na nyaya za multimita vikae mbali na mkanda.

Soma kwanza volti kati ya terminali chanya ya alteneta na ganda lake. Alteneta nyingi zenye regyuleta (kidhibiti volti) ya ndani zitakuwa karibu na 14.2. Kisha soma kwenye vichwa vya betri. Tuseme huku unapata 13.4: volti 0.8 zimepotea njiani, na lazima ujue upande gani. Pima kutoka terminali chanya ya alteneta hadi kichwa chanya cha betri, halafu kutoka ganda la alteneta hadi kichwa hasi. Kama mfumo wako una kigawanya chaji cha dayodi, upande wa chanya utakuonyesha upotevu wa takriban volti 0.7, na huo ni tabia ya dayodi yenyewe. Upande wa hasi hauna udhuru kama huo. Ukizidi volti 0.1 au 0.2 unastahili kuchunguzwa.

Ubaya wa upotevu wa upande wa hasi ni kwamba unaidanganya regyuleta. Regyuleta ya ndani hupima volti kati ya chanya na ganda la alteneta, haijui yanayoendelea kwenye betri. Ikiona 14.2 huamini kazi imetimia na kupunguza chaji, huku betri ikipokea 13.4 na kubaki nusu njaa siku zote. Betri ya asidi inayoishi hivyo hugandisha salfeti kwenye bamba zake na kufa kabla ya wakati. Mwenye boti hununua nyingine, nayo ikafa vilevile.

Ganda la alteneta, kama ilivyo kwa stata, hupata hasi kupitia breketi na boliti ya kukazia mkanda. Breketi hiyo imepakwa rangi, ina upenyo wa kuteleza, na hukutanisha aluminiamu na chuma cha pua au chuma cha kawaida katika hewa ya chumvi. Kwa alteneta ya kiwandani ya ampea 55 huenda ikavumilika. Aliyeibadilisha akaweka ya ampea 100 au zaidi, akanenepesha kebo ya chanya na kuisahau ya hasi, ameongeza alteneta kwa nusu tu.

Hatua ya nne: matengenezo

Zima kila kitu, chomoa kebo hasi ya betri kwanza, na uhakikishe haiwezi kurudi yenyewe ikagusa kichwa cha betri. Fungua kiungo kilichopatikana na hitilafu. Kwangua uso wa bloku kwa msasa au brashi ya waya mpaka chuma kitupu king'ae kwa upana wa lagi nzima. Lagi iliyogeuka kijani na nyaya zilizogeuka nyeusi ndani ya ala haziokoleki kwa kusuguliwa. Kata mpaka ukutane na shaba safi, na kama weusi umeenda mbali, badilisha kebo yote. Nunua kebo ya shaba iliyopakwa bati ikipatikana, kwa sababu shaba tupu katika unyevu wa chumba cha injini haidumu.

Lagi ibanwe kwa kibanio chake cha ukubwa sahihi. Kuibonda kwa nyundo na patasi kunaacha nafasi za hewa ndani, na risasi ya kulehemu peke yake haitoshi kwenye kebo ya stata kwa sababu kiungo kikipata moto huyeyuka. Baada ya kubana, ifunike kwa mpira wa joto wenye gundi ndani ili chumvi isipande kwenye nyuzi.

Mpangilio wa vipande kwenye boliti una umuhimu kuliko unavyoonekana. Lagi ikae moja kwa moja juu ya chuma kilichosafishwa, lagi nene ikitangulia, halafu washa, washa ya springi na nati. Nimekuta mara nyingi washa ya chuma cha pua imewekwa kati ya lagi na bloku, yenye kung'aa na kuonekana ya kifahari. Chuma hicho hupitisha umeme vibaya mara 40 hivi kuliko shaba, na ampea zote za stata zinalazimishwa kupita humo. Kaza vizuri, kisha ndipo upake grisi au dawa ya kuzuia kutu juu ya kiungo kizima.

Kebo kuu ya hasi inafaa kufungwa kwenye bloku karibu kabisa na stata, au kwenye boliti ya stata yenyewe ikiwa ni ndefu ya kutosha. Kwa alteneta, ongeza kebo ya pekee kutoka terminali yake hasi, au kutoka tundu lenye uzi kwenye ganda lake, hadi boliti hiyo hiyo ya bloku au hadi baa ya hasi, yenye unene sawa na ile ya chanya. Iache na ulegevu kidogo, kwa kuwa alteneta husogezwa mkanda unapokazwa.

Kabla ya kuongeza kebo hiyo, hakikisha alteneta yako si ya aina iliyotengwa na ganda lake. Betri ikiwa imechomolewa na nyaya za alteneta zimefunguliwa, pima omu kati ya terminali hasi na ganda. Ikisoma karibu na sifuri, ni ya kawaida. Ikionyesha hakuna mawasiliano, imetengwa kwa makusudi, na kebo yake ya hasi iende kwenye terminali hasi na baa ya hasi, isiguse ganda wala bloku.

Rudisha kila kitu, kebo hasi ya betri ikiwa ya mwisho, na urudie vipimo vya hatua ya pili na ya tatu. Andika namba mpya kwenye daftari la injini pamoja na tarehe, kwa maana mwakani zitakuwa kipimo bora kuliko viwango vya jumla nilivyotaja. Vipimo vya paneli vikiendelea kuyumba ilhali njia nene imekuwa safi, fuata waya mwembamba wa hasi hadi plagi ya kuunganishia nyaya za injini na paneli, ambayo kwenye Yanmar nyingi za zamani hukaa nyuma ya injini mahali pa unyevu na kushika kutu kwenye pini zake.

Umeme unaopitia baharini

Propela na shafti vimo majini, na pale kapilingi inapopitisha umeme vimeungana na bloku na hasi ya betri. Hilo peke yake si hatari. Hatari huanza waya wa chanya unapochubuka na kulowa kwenye ngama (chini kabisa ndani ya chombo, maji yanapokusanyika), mara nyingi ule wa pampu ya kutolea maji ya ngama, ambao hubaki na umeme hata swichi kuu ikizimwa. Mkondo hutoka kwenye waya, hupita kwenye maji ya ngama hadi bomba la shaba lililotoboa chombo, huingia baharini, na kurejea kwa njia ya propela, shafti na bloku. Chuma kinacholiwa ni kile ambacho mkondo hutokea kuingia majini, yaani bomba hilo. Kulika kwa namna hii ni kwa haraka mno kuliko kule kwa metali mbili kugusana ndani ya maji ya chumvi, ambako zinki (kipande kinachofungwa ili kiliwe badala ya metali nyingine) huvumilia kwa miezi.

Kuuchunguza, zima vyombo vyote pamoja na swichi kuu, chomoa kebo chanya ya betri na uweke multimita, ikiwa kwenye tundu la ampea 10, kati ya kebo hiyo na kichwa cha betri, pamoja na nyaya zozote zinazofungwa moja kwa moja kwenye kichwa hicho. Mtu asiguse stata wakati huo, ama fyuzi ya multimita itaungua. Kengele ya gesi au saa ya redio huvuta milliampea chache. Kikionekana kiasi usichoweza kukieleza, chomoa fyuzi moja baada ya nyingine mpaka kitoweke, na waya wa fyuzi hiyo ndio wa kufuatwa hadi kwenye ngama.

Boti zenye mguu wa aluminiamu chini ya chombo badala ya shafti zinahitaji uangalifu wa ziada, kwa sababu baadhi ya watengenezaji huutenga mguu huo na injini kwa makusudi. Usiuunganishe na baa ya hasi wala na zinki ya chombo bila kusoma kitabu cha injini hiyo. Na ikiwa chombo chako ni cha chuma au aluminiamu, chukua vipimo vya upotevu wa volti kama vilivyoelezwa, lakini usifuate maelezo ya kuunganisha ganda, bloku na hasi: vyombo hivyo mara nyingi hutumia alteneta, stata na vihisi vyenye nyaya mbili vilivyotengwa na bloku, na kebo moja iliyoongezwa mahali pasipofaa huweza kukifanya chombo chenyewe kuwa njia ya umeme.